Gari Likikataa Gia: Angalia Mafuta ya Klachi Kwanza

Somo hili ni la wale wenye pikapu ya kikundi.

Siku moja gari letu lilikataa kuingia gia, na nyuma limebeba mahindi ya sokoni. Fundi wa kwanza akasema klachi pleti imekwisha, gia boksi ishushwe. Tulikuwa karibu kuvunja akiba yetu yote. Mzee mmoja wa jua kali alifungua boneti tu, akatuonyesha kikopo cha mafuta ya klachi. Kikavu! Kumbe iliyokufa ni raba ndogo tu.

Klachi ya namna hii haivutwi na waya. Ukikanyaga pedali, silinda ya juu inasukuma mafuta kwenye paipu hadi silinda ya chini, ubavuni mwa gia boksi, nayo inasukuma mkono wa klachi. Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Hewa ikiingia, pedali inakuwa laini na gia zinakwaruza. Ukipampu mara tatu nne na gia ikubali, shuku hewa au uvujaji. Lakini kama injini inanguruma mlimani na gari haliongezi mwendo, hapo pleti inateleza. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mafuta haya hayaliwi kama petroli. Yakipungua, yanavuja. Papasa ukutani juu ya pedali, halafu inua kifuniko cha raba cha silinda ya chini. Pakiwa na maji maji, umempata mwizi. Kama nje ni kukavu na pedali inazama polepole ukiishikilia, raba za silinda ya juu zimechoka.

Badilisha raba au silinda, kisha toa hewa. Weka mawe kwenye magurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jaza kikopo kwa mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa mpya, kwa sababu yakikaa wazi hunyonya unyevu. Usitie oili ya injini hata kidogo, itavimbisha raba zote.

Kazi ni ya watu wawili. Vika mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa ya silinda ya chini, ncha yake izame ndani ya mafuta kwenye chupa. Wa juu akanyage na kushikilia. Wa chini afungue kidogo, mapovu yatoke, afunge, ndipo aseme, "Achilia!" Akiachilia mapema, hewa inarudi na mnaanza upya (sisi tulianza upya mara mbili). Rudieni mpaka mapovu yaishe, mkiongeza mafuta kikopo kisikauke. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, osheni mara moja kwa maji.

Kwa magari mengine kikopo hicho ndicho cha breki pia. Likiwa lenu ni la hivyo na mafuta yamepungua, msiliendeshe mpaka uvujaji upatikane. Na kama silinda ya chini imefichwa ndani ya gia boksi, hapo kweli italazimu ishushwe.