Kuchagua Filta ya Petroli kwa Injini za Kabureta: Mwongozo kwa Waendesha Bodaboda, Mafundi na Wakulima wa Kasekese

Mwongozo huu unawahusu wanaoendesha pikipiki za abiria na mizigo katika Kata ya Kasekese na vijiji jirani vya Wilaya ya Tanganyika, mafundi wanaozitengeneza, na wakulima wanaotumia pampu za kumwagilia na jenereta za petroli. Injini za vyombo hivi ni tofauti, lakini nyingi zinapata mafuta kwa kabureta, na nyingi hujazwa petroli iliyosafiri kwa dumu au chupa. Filta inayofaa ni ile inayozuia uchafu wa petroli hiyo bila kuinyima injini mafuta. Sifa hizo mbili zinakwenda pamoja. Filta yenye moja tu haifai kununuliwa.

1. Kwanza ujue mafuta yanafikaje kwenye kabureta

Pikipiki ya kabureta, kama Boxer ya cc 100 au cc 150, haina pampu ya mafuta. Tangi liko juu, kabureta iko chini, na petroli inashuka kwa uzito wake. Msukumo wa namna hiyo ni mdogo sana: petroli yenye kina cha sentimita 30 inasukuma kwa kilopaskali 2 hivi. Mfumo wa injekta, wenye pampu ya umeme, kwa kawaida unafanya kazi kwenye kilopaskali 250 hadi 300, yaani zaidi ya mara mia moja ya hapo.

Hivyo filta iliyotengenezwa kwa ajili ya injekta isifungwe kwenye pikipiki ya kabureta. Karatasi yake ni nzito, mara nyingi ya kuzuia chembe za maikroni 10, na petroli inayoshuka bila pampu hupita humo kwa shida. Chombo kitawaka na kutembea vizuri kwenye tambarare, kisha kitazimika kikipanda mlima na mzigo. Kwa upande mwingine, pikipiki ya injekta isifungwe filta ya kabureta, kwa sababu plastiki yake haikutengenezwa kustahimili shinikizo kubwa na inaweza kupasuka.

Tundu dogo kabisa ndani ya kabureta, la jeti ya mzunguko wa chini, huwa chini ya nusu milimita. Wavu unaozuia chembe za maikroni 60 hadi 100, karibu na unene wa unywele wa mtu, unatosha kuilinda jeti hiyo. Kutafuta filta ya kuchuja zaidi ya hapo ni kujiongezea kizuizi bila faida.

2. Aina za filta na mahali pa kila moja

Filta ya plastiki angavu yenye wavu wa nailoni. Hii ndiyo ya kuanza nayo kwa pikipiki. Haizuii mafuta sana, bei yake si kubwa, na uchafu unaonekana kwa macho.

Filta ya plastiki angavu yenye karatasi. Inashika vumbi laini kuliko wavu. Inafaa pikipiki ikiwa karatasi yake ni pana na imeandikwa kuwa ni ya kabureta. Udhaifu wake ni maji: karatasi ikilowa inavimba na kuziba. Wakati wa masika, petroli ya dumu ikiwa haijulikani ilikotoka, wavu ni salama zaidi.

Filta ya shaba yenye chembe zilizobanwa pamoja. Ni ngumu na haivunjiki, lakini huwezi kuona ndani yake, na ikianza kuziba inapunguza mafuta taratibu bila dalili ya nje. Isitumike pasipo pampu.

Filta ya kioo inayofunguliwa na kuoshwa. Inavutia kwa sababu hainunuliwi mara kwa mara. Hata hivyo ina mipira miwili ya kuzuia uvujaji, na mtikisiko wa barabara ya vumbi na makorongo huilegeza. Ikivuja, petroli inadondokea injini ya moto. Hatuishauri kwa bodaboda.

3. Pampu za kumwagilia na jenereta

Injini za aina ya Honda GX160, na zile zilizoigwa kutoka kwake, zina kikombe kidogo cha mashapo chini ya kabureta pamoja na wavu wa tangi. Vitu hivyo vinatosha vikitunzwa. Kikombe kisafishwe kila baada ya miezi 6 au saa 100 za kazi, na mapema zaidi kama pampu inafanya kazi kwenye vumbi la shambani. Wavu wa tangi usiondolewe ili kujaza haraka.

Injini ikiwa itakaa miezi bila kazi baada ya msimu, funga koki na uiache iendelee kuwaka hadi izimike yenyewe, kisha mwaga mabaki ya kabureta. Petroli inayokaa humo inageuka utomvu unaoziba jeti, na hakuna filta inayouzuia kwa sababu unatokea baada ya mafuta kupita kwenye filta.

Mashine za kukoboa na kusaga zinazotumia dizeli haziingii katika mwongozo huu. Filta zake ni za namna nyingine na zisibadilishane na za petroli.

4. Magari ya zamani

Wapo wenye Land Rover, Peugeot 504 au Volkswagen Kombi za kabureta, na wapo wageni wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwa magari ya zamani yaliyogeuzwa nyumba ya kulala. Magari haya yana pampu, kwa kawaida ya kusukumwa na injini, yenye msukumo wa kilopaskali 20 hadi 40 hivi. Filta ya karatasi ya kabureta inafaa hapa. Mahali pazuri ni kati ya tangi na pampu, ili pampu nayo ilindwe.

Kwa Kombi, ambayo injini yake iko nyuma ndani ya chumba kilichofungwa, filta ya plastiki isiwekwe juu ya distribyuta wala karibu na ekzosi. Magari mengi ya aina hiyo duniani yameungua kwa mpira uliochakaa kuchomoka na kumwaga petroli kwenye cheche. Ifungwe nje ya chumba cha injini, upande wa tangi.

5. Wakati wa kununua

Angalia mambo manne. Kwanza, tundu la filta lilingane na mpira wako. Pikipiki nyingi hutumia mpira wenye tundu la milimita 5 au 6, ilhali za magari mara nyingi ni milimita 8. Usilazimishe filta kubwa kwenye mpira mdogo. Pili, mshale wa mwelekeo wa mafuta uonekane. Tatu, kagua maungio ya plastiki. Yenye ufa au gundi iliyomwagika yaachwe. Nne, nunua pamoja na klipu mbili na mpira wa mafuta halisi. Mpira angavu wa maji unakakamaa ukikutana na petroli, na waya wa kufungia unaukata mpira.

6. Kufunga na kupima

Zima injini na usubiri ipoe. Funga koki. Kata mpira kwa wembe ili mdomo uwe sawa. Funga filta mshale ukielekea kabureta, mpira usijipinde, na filta isiguse kichwa cha injini wala ekzosi. Filta inayoonekana imejaa nusu tu si kasoro. Hewa kidogo juu yake ni jambo la kawaida.

Kisha pima. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa safi, fungua koki kwa dakika moja. Injini ya nguvu za farasi 12, ikivutwa hadi mwisho, inahitaji takriban mililita 70 kwa dakika. Ukipata mililita 150 au zaidi, filta inafaa. Ukipata chini ya hapo, fungua kifuniko cha tangi na upime tena. Mafuta yakiongezeka, tatizo ni tundu la hewa la kifuniko lililoziba vumbi, wala si filta. Mafundi wengi hubadilisha filta na kufungua kabureta bure kwa kutolikagua tundu hilo.

Kagua filta kila unapobadilisha oili. Ikiwa nyeusi au ina kutu, ibadilishe. Kutu ikirudi upesi, osha tangi. Filta mpya peke yake haitaponya tangi linalooza.

7. Mambo ambayo filta haiwezi kufanya

Filta haitenganishi mafuta ya taa na petroli. Yakishachanganyika yanapita pamoja, na injini inatoa moshi na kupoteza nguvu. Ni kwa sababu ya uchakachuaji huo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta. Nunua kwenye kituo chenye leseni, dai risiti, na ukinunua dumu la jumla kwa ajili ya kijiwe, mimina kwanza kidogo kwenye chupa angavu. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na utayaona. Mimina kupitia faneli yenye wavu wa waya, na acha robo lita ya mwisho ya dumu isiingie tangini.

8. Usalama

Mvuke wa petroli unawaka hata wakati wa baridi, na unatambaa chini hadi ufikie jiko au sigara. Fanya kazi hii nje, mchana, mbali na moto. Dumu liwekwe chini ardhini wakati wa kujaza. Usinyonye mpira kwa mdomo. Usihifadhi petroli kwenye chupa za maji ya kunywa ambazo mtoto anaweza kuzifikia, na usilaze dumu ndani ya nyumba wanamolala watu.

Baada ya kufunga filta, washa injini kwa dakika tano na upapase maungio yote kwa kitambaa kikavu. Kikilowa, au harufu ya petroli ikisikika, zima injini, funga koki na urekebishe kabla ya kumpakia abiria yeyote.