Mtunya: Njaa Kuu ya Ugogo

Wagogo waliiita Mtunya ile njaa iliyoipata nchi yao tangu 1917 hadi 1920. Je, ilikuwa kazi ya ukame peke yake? Sivyo.

Mvua ya Dodoma hunyesha tangu Desemba hadi Aprili, yapata milimita 570 kwa mwaka, nayo hukosa mara kwa mara. Wazee walilijua jambo hilo. Waliweka nafaka ghalani, na mavuno yakipotea walitoa ng'ombe wapate chakula kwa jirani. Lakini katika Vita Kuu ya 1914-1918 majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo, na vijana wawe wapagazi. Mvua ilipokosa, maghala na mazizi yalikuwa matupu. Tena ikazuka homa ya mafua ya 1918. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa.

Basi tujifunze: ukame hauzuiliki, lakini akiba hulindwa. Mtama na uwele, mimea ivumiliayo jua, isidharauliwe. Wala ghala lisimalizwe kabla ya mavuno mapya kuonekana.