SOMO: MWENYE KARAKANA NAYE ALIPWE



Mali bila daftari huisha bila habari. Tulikumbuka methali hii tulipoketi na seremala mmoja tukapiga hesabu ya kitanda alichokuwa ameuza kwa shilingi 10,000. Vifaa (mbao, misumari, gundi na vanishi) vilimgharimu 7,500. Alituambia, "Nimebaki na 2,500, si haba." Lakini kitanda kilimchukua siku tatu, na kijana wa kumsaidia alilipwa 700 kwa siku moja. Tena karakana ina gharama zake, kama 500 kila siku ya kazi. Ondoa 700, ondoa 1,500. Kumbe fundi alibaki na shilingi 300 kwa siku tatu! Kijana wake alipata zaidi kwa siku moja. Na kodi ya karakana mwezi huo ililipwa na nyanya za mama wa nyumbani.

Hebu tujifunze kupanga bei ya kazi ya mikono.

1. Hesabu siku zinazoleta pesa. Mwezi una siku za kazi kama 26. Toa siku za kununua mbao, kwenda kupima kwa wateja, kufuata madeni na kuhudhuria matanga. Tuseme ni 6. Zimebaki 20, na hizo ndizo zitakazobeba mwezi mzima.

2. Panga mshahara wako. Jiulize: kama ningeandikwa na fundi mwingine, angenilipa ngapi? Tuseme 1,000 kwa siku. Mara 26 ni 26,000 kwa mwezi.

3. Andika gharama za karakana kwa mwezi.

Kodi: 3,000
Stima: 2,000
Simu na nauli: 2,000
Kunoa misumeno na kurekebisha vifaa: 1,500
Akiba ya vifaa vipya: 1,000
Leseni ya kaunti (ya mwaka, gawanya kwa 12): 500
Jumla: 10,000

4. Gawanya. 26,000 na 10,000 ni 36,000. Gawanya kwa siku 20, utapata 1,800. Hiyo ndiyo bei ya siku yako moja. Ongeza kidogo iwe 2,000. Hiyo 200 ni faida ya biashara, ya kuikuza na kuikinga siku mbaya. Si mshahara wako.

Sasa rudi kwenye kitanda. Vifaa 7,500, siku tatu za fundi 6,000, kijana 700. Jumla ni 14,200.

Mtasema, "Wateja watakimbia!" Ni kweli, huenda sokoni kitanda kama hicho ni 12,000. Lakini sasa unajua kwamba ukikubali bei hiyo, unabaki na 2,300 za siku tatu, yaani kama 760 kwa siku badala ya 1,300 ulizopanga. Basi tafuta njia. Kata mbao za vitanda viwili kwa pamoja ili siku zipungue. Omba malipo ya kwanza yatoshe vifaa, usifuate madeni mwezi mzima. Tengeneza zaidi vile vitu ambavyo bei yake inalipa siku zako. Usimpunguzie kijana ujira wake. Yeye alipwe kwanza, na isiwe chini ya kima cha mshahara kilichowekwa na serikali.

5. Tenganisha mifuko. Pesa za karakana zikae peke yake. Jilipe siku moja maalum, uandike daftarini kama unavyomwandika kijana. Mtoto akitumwa nyumbani kwa karo, fundi asifungue tu kisanduku cha kazi. Achukue katika mshahara wake, au aandike kuwa amekopa na siku atakayorudisha. Mwezi ukiwa mbaya, jilipe nusu, lakini andika ile nusu inayobaki kuwa deni.

Na kama karakana ni ya kikundi? Hesabu ni ile ile. Wanachama wanaofanya kazi walipwe siku zao kwanza. Kinachobaki ndicho faida ya kugawana wote. Vikundi vingi hugombana kwa sababu aliyeshika randa mwezi mzima anapata sawa na aliyekuja mkutanoni tu.

Jadilini katika kikundi:

1. Mwezi uliopita tulifanya kazi siku ngapi, na ngapi zilileta pesa?
2. Ni gharama gani tunazilipa bila kuziandika?
3. Kazi yetu ya mwisho ilimwachia fundi shilingi ngapi kwa siku?

Njooni na daftari na kalamu. Tuanze na kazi moja tu.