Uzamili wa Saikolojia ya Kazini kwa Njia ya Mtandao: Uulize Nini Kabla ya Kulipa Ada

Saikolojia ya kazini inafundisha nini ambacho afisa rasilimali watu hakijui tayari?

Afisa rasilimali watu anajua taratibu: jinsi ya kutangaza nafasi, kuandaa mkataba, kupanga likizo na kuendesha shauri la nidhamu. Saikolojia ya kazini inaziuliza taratibu hizo kama kweli zinaleta matokeo tunayodhani zinaleta. Ni taaluma yenye zaidi ya karne moja. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard, alichapisha kwa Kiingereza kitabu chake kuhusu saikolojia na ufanisi wa viwanda mwaka 1913, na mwaka 1921 Charles Myers akaanzisha taasisi ya kitaifa ya saikolojia ya viwanda nchini Uingereza. Maswali ya wakati ule ndiyo ya leo: nani aajiriwe, afundishweje, nini kinamvunja moyo, kwa nini timu moja inafaulu na nyingine yenye watu walewale inashindwa.

Chukua usaili. Katika ofisi nyingi jopo linakaa, kila mjumbe anauliza linalomjia, kisha wanakubaliana juu ya aliyewavutia. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji, na alama zilizopangwa kabla, ulitabiri utendaji kwa kiwango cha 0.51, ilhali ule wa maongezi huru ulipata 0.38, kwenye kipimo ambacho 1 ni utabiri usiokosea. Namba hizo zilifundishwa kila mahali kwa zaidi ya miaka 20. Kisha mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakaonyesha kwamba masahihisho ya kitakwimu yaliyotumika yalizikuza mno. Walipokokotoa upya, usaili uliopangwa ulibaki na 0.42 na ule wa maongezi huru ukashuka hadi 0.19.

Aliyehudhuria semina ya siku mbili atabaki na namba ya zamani. Aliyesoma shahada ya uzamili sawasawa ataelewa kwa nini namba ilibadilika, na kwa nini hata baada ya mabadiliko hayo uamuzi wa kivitendo haukugeuka: panga maswali, panga alama, kisha ndipo mwite mwombaji. Uwezo huo wa kupima ushahidi ndio unaolipiwa ada. Nadharia zenyewe zimejaa katika vitabu.

Somo linalohusu watu linawezaje kusomwa mbele ya skrini?

Shaka hii ina msingi, lakini inaelekezwa mahali pasipostahili. Mwaka 2004 Robert Bernard na wenzake, watafiti wa Kanada, walichambua kwa pamoja tafiti 232 zilizolinganisha elimu ya masafa na ya darasani. Kwa wastani tofauti ya matokeo ilikuwa karibu na sifuri, ila nyuma ya wastani huo palikuwa na mtawanyiko mkubwa ajabu: ziko kozi za masafa zilizoliacha darasa mbali, na ziko zilizoachwa vibaya. Ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya mwaka 2010 iliona wanafunzi wa mtandaoni wakifanya vizuri kidogo zaidi, lakini waandishi wake walionya kwamba sifa hiyo isipewe teknolojia, kwa sababu mara nyingi kozi hizo zilikuwa pia na muda zaidi na nyenzo zaidi. Kwa hiyo chombo chenyewe hakiamui. Kinachoamua ni mwanafunzi anafanyishwa nini, na nani anaikagua kazi yake.

Upo ushahidi wa upande wa pili, nao haufai kufichwa. Eric Bettinger na wenzake walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa chuo kikubwa cha Marekani kinachoendeshwa kwa faida, ambako kozi ileile, yenye mtaala na mazoezi yaleyale, ilitolewa darasani na mtandaoni. Waliosoma mtandaoni walipata alama za chini, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Hao walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Katika ngazi ya uzamili mfano uliochunguzwa vizuri ni wa Georgia Tech, chuo kilichoanza mwaka 2014 kutoa uzamili wa sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa takriban dola 7,000. Somo ni jingine, lakini lililoonekana linatuhusu: mwombaji wa kawaida wa darasani alikuwa na miaka 24, wa mtandaoni 34, tena mwenye kazi. Wengi waliokosa nafasi kwa alama chache hawakwenda kusoma kwingine. Mtandao, basi, haukuwatoa darasani. Uliwafikia watu ambao wasingesoma kabisa.

Hapa saikolojia ya kazini inapata faida ambayo masomo mengine hayana. Timothy Baldwin na Kevin Ford, katika mapitio yao ya mwaka 1988, walieleza kwamba kinachojifunzwa huhamia kazini kutegemea mambo matatu: mwanafunzi mwenyewe, jinsi mafunzo yalivyoundwa, na mazingira anakorudi. Anayeacha kazi miaka miwili ili akasome huko mbali anayapoteza mazingira hayo. Anajifunza kuhusu motisha akiwa hana bosi wala wenzake wa zamu. Mtumishi wa umma wa Tanzania anayesoma jioni kuhusu upangaji wa malengo, kesho asubuhi anafungua PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, na kukutana na malengo yake mwenyewe. Anaweza kujiuliza kama yanapimika, kama alishiriki kuyaweka, na kama kuna atakayeyafuatilia kabla ya mwisho wa mwaka. Maabara yake iko ofisini.

Programu nzuri itatambulikaje kati ya matangazo yote haya?

Acha kwanza jina la chuo na idadi ya video. Uliza mwanafunzi atatoa nini kwa mikono yake. Programu inayostahili ada itamtaka achambue majukumu ya kazi halisi kwa kuwahoji wanaoifanya, aandae usaili uliopangwa na kuuendesha huku akirekodiwa, atunge dodoso na kuthibitisha kwamba linapima linachodai kupima, achakate takwimu zisizo safi za watu halisi, kisha aandikie menejimenti ripoti fupi. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kufanyika kwa mtandao. Rekodi ya usaili hata ina ubora wake: msimamizi anaweza kuisimamisha palepale msailiji alipomtilia mwombaji jibu mdomoni, jambo lisilowezekana katika zoezi la darasani lililokwisha pita.

Swali la pili ni la ukosoaji. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walijumlisha mwaka 1996 matokeo 607 kuhusu mrejesho. Kwa wastani mrejesho uliinua utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo uliushusha, na walieleza kwamba nguvu yake hupungua kadiri unavyomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi. Ni ajabu, basi, kwamba programu nyingi zinazofundisha utafiti huo humrudishia mwanafunzi insha ya maneno elfu tatu ikiwa na alama na neno “vizuri”. Omba uonyeshwe mfano wa kazi iliyosahihishwa. Uliza msimamizi wa tasnifu ana wanafunzi wangapi na hukutana nao mara ngapi. Chuo kinachosita kujibu kimeshajibu.

La tatu halitajwi sana, nalo ni la hatari kuliko yote: maadili ya kumchunguza mwenzako wa kazini. Mwanafunzi anayekusanya dodoso la uchovu wa kazi katika idara ya watu kumi na wawili hawezi kuahidi usiri kwa kufuta majina tu. Mwanamke mmoja mwenye miaka zaidi ya 50 katika idara hiyo anatambulika kwa umri na jinsia. Na mkurugenzi aliyetoa ruhusa ya utafiti atataka kujua nani alisema nini, pengine kwa nia njema kabisa. Programu makini ina kamati ya maadili inayoyazuia haya kabla hayajatokea, na inajua kwamba Kenya kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI na Tanzania na COSTECH. Programu isiyo na kamati hiyo inamweka mwanafunzi katika nafasi ya kuwaponza wenzake kwa ajili ya cheti chake.

Wengi huanza masomo ya mtandaoni na kuyaacha njiani. Je, hilo halitoshi kuyakataa?

Linatosha kuyaogopa, na uchambuzi uleule wa Bernard ulilithibitisha: kozi za masafa ambazo kila mtu husoma kwa wakati wake zilikuwa na matokeo mazuri kidogo kwa waliobaki, ila walioacha walikuwa wengi zaidi. Lakini kuacha masomo ni tabia, na taaluma hii inasoma tabia. Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran, wakijumlisha tafiti 94 mwaka 2006, walionyesha kwamba mpango unaotaja lini, wapi na vipi husaidia kwa kiwango cha kati hadi kikubwa kufikia lengo, kuliko nia peke yake. “Nitasoma wiki hii” ni nia. “Jumanne nikitoka kazini, kabla sijawasha televisheni, nitasoma saa moja mezani” ni mpango. Tazama pia saa. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa kumi na mbili jioni mjini London ni saa tatu usiku Nairobi na Dar es Salaam wakati wa majira yao ya baridi. Kikianza saa hiyohiyo New York, majira hayohayo, hapa ni saa nane za usiku. Tofauti hiyo inaweza kumshinda mtu hata kabla ya ugumu wa takwimu.

Nadharia hizi zimetoka Ulaya na Marekani. Zinatufaa?

Baadhi zinafaa, baadhi hazijulikani bado, na ni utafiti ndio utakaotenganisha. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha jinsi sayansi ya tabia ilivyojengwa juu ya kundi dogo la watu wa nchi tajiri za Magharibi, ambao mara nyingi si mfano wa binadamu wengine. Kuna wanaotumia hoja hiyo kuikataa taaluma nzima, jambo ambalo ni haraka mno. Michael Frese, Mjerumani, pamoja na wenzake walifanya jaribio Lomé, Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500, na kulichapisha mwaka 2017. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara, jingine mafunzo ya kisaikolojia ya kujituma: kutazama mbele, kuanza bila kusukumwa, kutokata tamaa kikwazo kinapotokea. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30. Ya kundi la kwanza ilipanda kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutofautishika na bahati tu.

Matokeo hayo yamepatikana Afrika, kwa watu wasio na ofisi wala mshahara, yaani kwa aina ya kazi inayofanywa na wengi wetu. Nadharia ilitoka nje, lakini ilipimwa hapa. Mwanafunzi wa mtandaoni aliyeko Mwanza au Mombasa yuko karibu na data ya namna hiyo kuliko mhadhiri wake aliyeko Leicester, na tasnifu kuhusu makondakta wa daladala, wauguzi wa zamu za usiku au wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha ingeiongezea taaluma kitu ambacho haina. Ni bahati mbaya kwamba wengi huchagua kurudia dodoso la wafanyakazi wa benki.

Nikimaliza, nitaruhusiwa kujiita mwanasaikolojia?

Kwa shahada peke yake, mara nyingi hapana. Uingereza, jina la mwanasaikolojia wa kazi linalindwa kisheria chini ya baraza la HCPC tangu mwaka 2009. Uzamili ulioidhinishwa na chama cha wanasaikolojia cha huko, BPS, ni hatua moja tu, na baada yake kuna mafunzo ya kazi chini ya usimamizi. Afrika Kusini mwanasaikolojia wa viwanda husajiliwa na baraza la HPCSA baada ya uzamili, mafunzo ya vitendo ya miezi 12 na mtihani wa bodi. Marekani, majimbo mengi hudai shahada ya uzamivu kwa leseni ya mwanasaikolojia, ingawa washauri wengi wa mambo ya kazi hufanya shughuli zao bila leseni hiyo. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014. Kwa shahada ya nje, peleka jina la chuo na la programu kwa mamlaka ya nchi yako kabla ya kujiunga: TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, NCHE kwa Uganda. Kuuliza baada ya kuhitimu ni kuchelewa.

Na kama shahada yangu ya kwanza si ya saikolojia?

Vyuo vingi hukubali wenye shahada ya biashara, sosholojia au elimu. Tatizo huja baadaye: njia ya kupata usajili Uingereza hudai msingi wa saikolojia unaotambuliwa na BPS, na asiye nao hulazimika kusoma kwanza kozi ya mpito.

Nani asiichukue shahada hii?

Anayetaka cheo peke yake. Mwajiri wake huenda akathamini zaidi cheti cha taaluma ya rasilimali watu, tena kwa gharama ndogo. Anayetaka kutibu watu wenye sonona au wasiwasi. Hiyo ni saikolojia ya kitabibu. Na asiye na kazi wala mahali pa kujitolea, kwa sababu kwake faida kubwa ya mtandao niliyoieleza haipo, na darasa la kawaida lenye mafunzo ya vitendo, kama uzamili wa saikolojia ya taasisi unaotolewa Makerere, litamfaa zaidi. Mwenye kazi, anayeweza kutenga saa kumi au zaidi kwa wiki, na aliyepata programu inayomkosoa kazi yake mstari kwa mstari, asizuiwe na neno mtandaoni. Aandike barua pepe kwa mratibu wa programu wiki hii, aombe orodha ya kazi za vitendo, mfano mmoja wa kazi iliyosahihishwa na utaratibu wa kamati ya maadili. Asipopata vyote vitatu, asilipe ada.