Gitaa Lipi kwa Amplifaya Ipi?

Bendi changa hukusanya fedha kwa taabu, ikanunua magitaa matatu, kisha ikapata amplifaya moja na kuyachomeka yote humo. Haupiti muda mrefu spika huanza kukwaruza, na hatimaye hunyamaza. Lawama humwangukia muuzaji, kumbe huenda spika haikuwa na kasoro yoyote. Katika makala haya tutaeleza kwa nini kila ala huhitaji chombo chake.

Tuanze na gitaa lenyewe. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kinasa, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetema huivuruga nguvu ya sumaku hiyo, na umeme dhaifu huzaliwa katika waya, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazinaswi kwa njia hii. Kinasa kilicho karibu na daraja hutoa sauti kali. Kilicho karibu na shingo hutoa sauti nene na laini. Katika muziki wa dansi, kama ule wa Morogoro Jazz na Western Jazz wa miaka ya 1960, solo na rithimu hujibizana. Kwa hiyo ni vema solo itumie kinasa cha darajani na rithimu kile cha shingoni, ama sivyo magitaa mawili yatasikika kama moja.

Sasa tuje kwenye besi, ambako hasara nyingi hutokea. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Ule wa gitaa la besi, mara 41 tu. Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa, na kadiri mitetemo inavyopungua ndivyo karatasi yake inavyolazimika kwenda mbele na nyuma kwa umbali mkubwa zaidi. Mitetemo ikipungua kwa nusu, umbali huo hauna budi kuwa mara nne ili nguvu ya sauti ibaki ile ile. Spika ya solo ina karatasi nyepesi isiyoumbwa kwa mwendo huo: koili yake hugonga chuma, au karatasi huchanika. Besi yataka spika yake yenyewe, sanduku kubwa lililofungwa imara, na wati nyingi zaidi. Kinyume chake hakina madhara. Solo ikipitishwa katika amplifaya ya besi hukosa makali tu.

Kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji ni habari nyingine. Spika za gitaa hufifisha sana mitetemo inayozidi kama 5,000 kwa sekunde, jambo linalolipendeza gitaa, lakini humfanya mwimbaji asikike kana kwamba amefunikwa blanketi, kwa maana herufi kama "s" na "sh" hukaa huko juu. Hao wapewe chombo kisichobagua sauti.

Mnunuzi asidanganywe na hesabu ya wati. Amplifaya ya wati 100 haipigi kelele maradufu ya ile ya wati 50. Sikio huona nyongeza ndogo tu. Ili sauti ionekane kuwa maradufu, yahitajika nguvu kama mara kumi. Mara nyingi spika bora ni nafuu kuliko wati za ziada. Aidha, spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya ya transista isiyoruhusu kiasi hicho huweza kuungua.

Kuna jambo moja linalohusu uhai. Baadhi ya mafundi hukata waya wa ardhi ili kuondoa mngurumo. Hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya hiyo, nyuzi za gitaa zaweza kubeba volti 230, na mpigaji anayegusa nyuzi huku midomo yake ikigusa maikrofoni huwa ndiye njia ya umeme. Mngurumo utibiwe kwa kinasa chenye koili mbili zilizozungushwa kinyume, au kwa waya zenye kinga nzuri. Kabla ya kulipa, fungua plagi utazame kama nyaya zote tatu zimo.