Dondoo muhimu: Ukitapeliwa kwenye mnada wa mtandaoni

Umelipia bidhaa eBay, mzigo haukuja au kimekuja kitu kingine? Wahi.

1. Usifute kitu: hifadhi picha za tangazo, meseji, risiti na kifurushi chenyewe.
2. Dai ndani ya eBay katika siku 30 tangu mzigo ulipotarajiwa kufika. Muuzaji akikaa kimya siku 3 za kazi, iombe eBay iingilie.
3. Ukilipa kwa PayPal, una siku 180 tangu ulipolipa kufungua lalamiko. Lalamiko hilo ulipandishe kuwa dai ndani ya siku 20 tangu ulifungue. Likijifunga, halifunguki tena.
4. Muuzaji akikuambia: "Funga kesi kwanza, nakurudishia kesho." Usifunge!
5. Ulitumia kadi? Nenda benki, uyapinge malipo.
6. Anayeomba ada ili akurudishie fedha ni tapeli wa pili.