Paka Mwenyeji na Mbwa Mgeni: Wakae Pamoja Bomani

Katika somo hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani namna ya kumleta mbwa mdogo katika boma ambalo tayari lina paka. Pengine mtu atauliza, "Kwani hiyo nayo ni kazi ya kikundi?" Ndiyo, kwa sababu inahusu chakula tulichovuna na usalama wa watoto wetu. Basi tusome pamoja, halafu tujadiliane.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI MUHIMU

Tuchukue mfano wa boma moja, liwe Bahati, Subukia, Njoro au Molo. Mama wa boma hilo amevuna mahindi, ameyapukuchua na kuyaweka stoo. Paka wake ndiye askari wa stoo hiyo. Lakini wezi wa kuku wamezidi, kwa hivyo kijana wake analeta mbwa mdogo ndani ya katoni na kumfungua katikati ya jikoni. Mbwa anamrukia paka akitaka kucheza. Paka anamkwaruza karibu na jicho, kisha anatoka mbio kupitia dirishani. Watoto wanacheka. Siku ya tatu paka hajarudi, na baada ya wiki chache panya wanasikika usiku juu ya dari.

Hebu tupige hesabu. Panya mmoja wa nyumbani anaweza kula kama gramu 20 za nafaka kwa siku. Panya 20 watakula gramu 400 kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Kwa miezi saba na nusu, gunia zima la kilo 90 limekwisha, na hapo hatujahesabu yale waliyochafua kwa mkojo na mavi. Mtu akiona hivyo hukimbilia sumu. Sumu ya panya ni hatari kwa watoto na kuku, na paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye. Basi boma linabaki bila paka kabisa.

Urafiki wa mtu na paka ulianzia hapo hapo kwenye nafaka. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka akiba, panya walikuja, na paka wakawafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka amezikwa karibu na mtu, kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Kwa hivyo tunapomtunza paka wa stoo hatufanyi jambo geni.

2. TUELEWE TABIA ZAO

Mbwa ni mnyama wa kundi. Akiona mwenziwe humkimbilia, humnusa na kutaka kucheza. Paka ni mnyama wa mahali pake. Akiona mgeni anamkimbilia, huona ni adui amekuja kumnyang'anya makao.

Tena lugha zao hazifanani. Mbwa mdogo akitikisa mkia mara nyingi amefurahi, lakini paka akipigapiga mkia ameudhika. Mbwa akiinamisha kifua na kuinua makalio anasema, "Njoo tucheze." Paka akilaza masikio nyuma, akavimbisha mkia na kusimamisha manyoya, anasema, "Usinikaribie." Tukijua dalili hizi tutawatenganisha kabla hawajaumizana.

Mbwa mdogo asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kuanzia hapo mpaka kama wiki 14 yeye hujifunza upesi kuishi na wanyama wengine. Samaki mkunje angali mbichi.

3. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Tayarisha mahali. Kabla mbwa hajafika, mtengenezee paka pahali pa juu ambapo mbwa hawezi kufika. Ubao uliopigiliwa ukutani unatosha. Chakula cha paka kiwekwe huko huko juu. Mbwa naye awe na kibanda chake na sahani yake.

Hatua ya pili: Watenganishe siku za kwanza. Kwa siku tatu mpaka wiki moja wasionane kabisa. Paka abaki jikoni na stoo kama kawaida, mbwa akae upande mwingine wa boma.

Hatua ya tatu: Wajuane kwa harufu. Chukua kipande cha gunia alicholalia mbwa, ukiweke karibu na paka. Cha paka ukipeleke kwa mbwa. Baadaye walishe wakati mmoja, mmoja ndani na mwingine nje, mlango ukiwa umefungwa katikati. Hivyo kila mmoja atazoea kwamba harufu ya mwenzake huja pamoja na chakula.

Hatua ya nne: Waonane kwa kamba. Mbwa awe ameshiba na amechoka kucheza. Mfunge kamba, mtu mzima aishike. Paka aachwe huru na njia ya kutoka iwe wazi. Dakika tano zinatosha. Mbwa akitulia, msifu na umpe kipande cha ugali. Akivuta kumfuata paka, mrudishe nyuma pole pole bila kelele. Rudia mara mbili au tatu kwa siku.

Hatua ya tano: Ongeza muda. Paka akianza kula au kujilamba wakati mbwa yupo, ujue hofu imepungua. Sasa kamba iburutwe chini, ili uweze kuikanyaga haraka ikibidi. Msiwaache peke yao mpaka wapitane mara nyingi bila fujo. Mabomani kwingine ni wiki mbili, kwingine ni miezi. Haraka haraka haina baraka.

4. MAMBO YA KUEPUKA

Tusimshike paka na kumsogeza mbele ya mbwa "ili wasalimiane." Atamkwaruza mbwa, na wewe pia. Tusimpige mbwa kila anapomtazama paka, maana atajifunza kwamba paka ndiye huleta fimbo, na atamchukia. Tusiwaache watoto wawachochee ili wacheke. Na tusimnyime paka chakula eti ndio awinde zaidi. Paka mwenye njaa huhama.

5. CHANJO KWANZA

Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake. Paka pia huambukizwa na huweza kumwambukiza mtu. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini kinazuilika. Mbwa na paka huchanjwa kwa kawaida wakifika miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza, mara nyingi kila mwaka. Siku ya kampeni pelekeni wote, hata wadogo, naye daktari ataamua.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mnyama ataugua. Tusipake majivu wala pilipili.

Wataalamu husema kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Boma moja haliwezi kufikia hesabu hiyo peke yake. Kikundi kinaweza. Serikali ya Kenya imelenga kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo mlango wa kubisha uko karibu.

6. MASWALI YA KUJADILIANA

a) Katika mabomani yetu, ni paka wangapi wamepotea mwaka huu, na kwa sababu gani?
b) Nani hapa hutumia sumu ya panya? Huiweka wapi, na watoto hucheza wapi?
c) Tukimwona paka amelaza masikio, tufanye nini?

7. KAZI YA KIKUNDI

Katibu aandike idadi ya mbwa na paka wa kila mwanachama, na waliochanjwa. Mwenyekiti na mwanachama mmoja wapeleke orodha hiyo kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu na kuomba siku ya kuchanja wote mahali pamoja. Kabla ya siku hiyo kila boma liwe na kamba, na kila paka abebwe ndani ya kikapu chenye kifuniko. Katika mkutano unaofuata, katibu asome orodha tena, na yule ambaye hajachanja aelezwe na kusaidiwa.